Mama Upepo na Kiti cha Nyuma

Karakana hii ya matairi imesimama kwa nguzo mbili, na mimi ni mojawapo. Kuna wateja wanaokuja kunitazama tu ninavyoinua gurudumu la lori kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Nguzo ya pili ni Mama Upepo, ambaye Jumamosi hii, tarehe thelathini Juni, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Meneja alipouliza nani aandike wasifu wake kwenye programu ya sherehe, wote walinigeukia mimi, Mjomba wao. Shule niliiacha mapema, lakini maneno hayakuniacha.

Aliajiriwa kujaza upepo, ndiyo asili ya jina lake. Enzi hizo kompresa yetu ilikuwa inakohoa kama mgonjwa, yeye akaizoea mpaka wakawa wanaelewana. Masikio yake sasa! Kuna siku alisikia pancha ya gari lililokuwa bado barabara kuu, akaagiza jeki itolewe nje, na dereva alipofika akashangaa kukuta anasubiriwa. Asiyeamini aniulize mimi, kwa sababu jeki niliibeba mimi. Kutoka kwenye upepo akapanda kufunga matairi, kisha balansi, yaani kusawazisha magurudumu, mwisho akawekwa kaunta kushauri wateja. Hapo ndipo tulipoanza kuwa na foleni.

Ushauri wake ulianza na swali lile lile kila siku: nani anakaa nyuma? Sisi wengine tunauliza saizi. Yeye saizi alikuwa ameshaisoma ubavuni mwa tairi, mteja akiwa bado anatafuta pa kuegesha.

Daktari mmoja wa meno alituletea stesheni wagoni, yale magari ya familia yaliyofichiwa injini ya mbio: mbele simba, nyuma kabati la nguo. Matairi yake yalikuwa na kipara kunishinda mimi. Alitaka mapana, yenye ubavu mwembamba kama ndala, aliyoyaona kwenye mashindano ya magari. Mama Upepo akauliza swali lake. Daktari akajibu kwamba nyuma wanakaa watoto wawili, na katikati yao mama mkwe.

"Baba, hujaja kununua matairi," Mama Upepo akamwambia. "Umekuja kununua amani ya nyumbani."

Wala hakumpa matairi ya kinyonge. Alisema gari lililozaliwa kukimbia ukilivisha viatu vya mkokoteni, litakutupa kwenye kona ya kwanza. Akamchagulia yanayohimili mwendo wake, yenye mifereji ya kutupa maji mvua ikinyesha, na ubavu wenye nyama kidogo ili mashimo ya barabara yasimfikie mama mkwe kiunoni. Mama mkwe alikuja mwenyewe baadaye kutoa shukrani, akataka kujua kama mimi nimeoa.

Mama Upepo naye ana wagoni ya namna hiyo, ya bluu, aliyoinunua wakati watoto wake watatu wakigombania dirisha. Kila asubuhi alikuwa akipita nao hapa kabla ya kuwapeleka shule, wamejazana nyuma, mmoja analia, mmoja anaimba, wa tatu ananipungia mkono kwa sababu watoto wananipenda. Wote wameshakuwa watu wazima na wametawanyika. Kitinda mimba yuko mbali, mwendo wa kutwa nzima, na amejifungua mtoto ambaye bibi yake anamjua kwa picha ya simu tu. Jumapili, siku ya kwanza ya kustaafu, Mama Upepo anaondoka kwenda kumpakata.

Matairi yake ya zamani yasingemfikisha. Tukakubaliana zawadi yetu iwe matairi manne, na mchaguzi niwe mimi, maana angekuwa nani mwingine? Nikamsimamisha upande wa wateja, nikashika nafasi yake nyuma ya kaunta, nikaigiza sauti yake: "Haya mama, nani anakaa nyuma?"

Nilitegemea acheke. Akajifuta mikono kwa kitambaa, mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Mkoba wangu," akasema. Kisha, akiwa anaitazama ile wagoni pale nje: "Lakini wewe jaza kama vile wamejaa, Mjomba."

Ndipo nilipoelewa. Tangu yule wa mwisho aondoke nyumbani, matairi yake ya nyuma yamekuwa na upepo mwingi, wa gari lililobeba familia. Miaka yote hiyo nilidhani anajisahau. Mama Upepo asahau upepo!

Nikachagua kama alivyotufundisha: yenye kasi, yenye utulivu, yenye mifereji mirefu, na mshale ubavuni wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Fundi akilifunga tairi kinyume cha mshale, maji ya mvua halitayatupa vizuri, na Mama Upepo humwita fundi huyo Dereva wa Rivasi mpaka mwaka uishe. Nikayafunga mwenyewe. Nyuma nikajaza kama vile wamejaa.

Jana jioni aliondoka nayo, kazi yake ya mwisho imekwisha. Leo kaunta ni ile ile na kompresa inanguruma, lakini mteja wa kwanza aliposimama hapo, sote tuligeukia kaunta tukisubiri mtu aulize swali. Hakuuliza mtu.

Mama Upepo, asante kwa kila gari lililofika salama bila mwenyewe kujua ni wewe. Tunakutakia barabara kavu, mjukuu mzito mikononi, na kiti cha nyuma chenye makelele.

Jambo moja dogo. Jana uliposimama getini kusubiri lori lipite, niliutazama mshale wa tairi la mbele kushoto. Unaelekea nyuma. Nilikimbia nikikuita, lakini siku hizi pumzi yangu haivuki geti. Jumamosi usikae kwenye meza kuu kabla sijalivua na kulifunga upya. Nitakuja na jeki nimevaa suti, na jina la Dereva wa Rivasi unipe mbele ya watu wote. Sikufanya makusudi ili urudi. Ila mtu akinisingizia hivyo, sitabisha.