Benedeta Nasirumbi na Kofia Ambayo Haikuwepo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko: Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, Tororo mjini, na nyinyi mliobeba redio mpaka shambani. Leo sina muziki wa kuanzia. Mwalimu Benedeta Nasirumbi ametutoka. Alifariki Jumanne, nyumbani kwake Osukuru, akiwa na miaka hamsini na minane.

Mimi alinifundisha darasa la nne. Fimbo yake naikumbuka bila kuulizwa. Lakini leo sizungumzii fimbo. Nazungumzia kofia.

Benedeta alizaliwa Busia, Msamia, akaolewa na Mzee Ikwap, Mteso wa Osukuru. Alijua Kisamia, Kiteso, Kiswahili na Kiingereza. "Tukigombana," Mzee Ikwap aliniambia juzi, anacheka na machozi yanamtoka, "alikuwa anachagua ile lugha mimi sijui."

Mwaka 1964 alikuja mtafiti wa saikolojia, yaani elimu ya akili. Alitaka kujua mtu anakumbukaje, na uongo unaingiaje katika kumbukumbu. Akamwomba Mwalimu awe mkalimani wake. Jaribio lilikuwa hivi. Mtu mmoja alivuka soko la Tororo akivuta mbuzi, kichwa wazi. Kichwa wazi, wasikilizaji. Hakuwa na kofia. Wiki moja baadaye watu arobaini waliokuwa sokoni wakaulizwa: "Kofia yake ilikuwa ya rangi gani?" Thelathini na mmoja wakataja rangi.

Mtafiti akaandika kwamba watu wa huku ni waongo. Mwalimu alikasirika mpaka chai yake ikapoa mbele yake. Akaenda kwa jirani yake, mama Aguti, ambaye alikuwa amesema nyekundu. Wakakaa wanabambua karanga.

"Aguti, mbona umesema kofia?"

"Mwalimu, mgeni ametoka mbali, amekaa na jua, anauliza kofia. Sasa mimi namwambia hakuna? Nampa aibu?"

Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jambo lile lingeishia kwenye kicheko. Lakini baada ya mwezi Mwalimu alimuuliza tena: "Yule mtu wa mbuzi, uliona nini?" Aguti akajibu bila kusita: "Kofia nyekundu. Hata sasa naiona." Hakuwa anadanganya, wasikilizaji. Neno alilolisema kwa heshima lilikuwa limeshakuwa kumbukumbu yake.

Hapo Mwalimu aliacha karanga na kusimama. Alimkumbuka Ojulong.

Ojulong alikuwa mkulima, baba wa watoto wawili. Alikuwa mahabusu kwa kosa la kuiba baiskeli. Majirani watatu walisema walimwona nayo. Na siku majirani hao walipohojiwa, mkalimani alikuwa nani? Benedeta. Alirudi nyumbani mbiombio, akafungua daftari lake. Afisa wa polisi alikuwa ameuliza, "Mliona nani?" Lakini kijiji kizima kilikuwa kinamtaja Ojulong, na Mwalimu alitaka kufupisha kazi. Kwa hiyo yeye aliuliza hivi: "Ojulong alipita na baiskeli asubuhi au jioni?"

Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Lakini asiyejua kwamba anasema uongo, huyo atatembea mpaka lini?

Mzee Ikwap alimwambia, "Nyamaza tu. Watakutoa kazi." Hakunyamaza. Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu na lile daftari mkononi. Akasema: "Mheshimiwa, mashahidi hawa si waongo. Mimi ndiye niliyewapa baiskeli. Kosa ni langu."

Ojulong aliachiliwa. Benedeta hakuitwa tena mahakamani. Alirudi kwa mtafiti, akamlazimisha kurudia jaribio kwa watu wengine arobaini, kwa swali moja tu: "Uliona nini?" Waliotaja kofia walikuwa wawili. Mtafiti akafuta neno "waongo". Nasema hili kwa fahari, maana neno lile lilikuwa linatuhusu sisi sote.

Mwaka jana Mwalimu alipatwa na kiharusi. Kumbukumbu zikaanza kumtoka, yeye aliyezilinda za wenzake. Binti yake, Alupo, alinisimulia siku ambayo Ojulong alikuja kumtazama, amebeba kuku. Ojulong akapiga magoti, akauliza: "Mama, unanikumbuka?"

Mwalimu alimtazama usoni. Alupo akamnong'oneza mama yake: "Sema ndiyo tu, mama. Ni mgeni."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Sikukumbuki, baba. Nisamehe. Sitaki kukudanganya."

Alupo aliona aibu, hakujua atazame wapi. Lakini Ojulong aliushika mkono wa Mwalimu, akaulaza shavuni mwake. "Ni sawa, mama," akasema. "Mimi nitakumbuka kwa sisi wote wawili."

Mzee Ikwap, Alupo, na ukoo wote wa Osukuru na Busia, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na mimi nawapa pole nikiwa na uchungu wangu mwenyewe, maana alikuwa mwalimu wangu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mazishi ni kesho saa nane mchana. Mkifika mtamkuta Ojulong. Ameomba yeye ndiye achimbe kaburi. Kaeni naye. Msimwambie Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani. Mwulizeni aliona nini, kisha mnyamaze, mumsikilize.