Picha ya Dereva wa Lori

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, mwanamume mmoja alikuwa ametoka kujigamba kwa mama aliyeketi naye kwamba ana duka la dawa. Mama yule akachomoa picha ya mumewe mkobani.

"Huyu ni dereva wa lori. Vidonge vya kufukuza usingizi vimemmaliza, siku ya nne hajafumba macho. Juzi kanikaba akidhani mimi mwizi. Nazungusha picha hii maduka yote ya dawa, wasimuuzie."

"Dada yangu, nikimnyima mimi, atanunua kwa jirani."

"Kwa majirani nimepita, kaka. Kila mmoja ananitajia jirani yake."

Muuza dawa akacheka, kisha akaitazama picha vizuri na kicheko kikamkauka. "Siku hizi kanyoa ndevu?"

"Kanyoa jana. Umemwona wapi?"

"Alikuja dukani asubuhi. Alisema jioni anaondoka na mzigo."

"Ukampa vidonge vingapi?"

Nilisogeza sikio, adabu nikaiweka kando. Basi likasimama. Muuza dawa, aliyelipa nauli mpaka mwisho wa safari, akainuka akisema amefika. Mama akashuka nyuma yake, picha mkononi, akirudia swali lake.