Sakafu ya Zege kwa Mafundi wa Likombe

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, na majirani mnaovumilia nyundo zetu tangu asubuhi, asalaam aleikum.

UKARIBISHO
Karibuni gereji yetu hapa Likombe. Tunaomba radhi kwa mchanga ulioingia kwenye viatu vyenu. Ndio sakafu yetu.

HISTORIA
Tulianza kama mafundi baiskeli. Magari yalipoongezeka mjini, tukahamia chini ya magari. Hapa pwani chumvi haina huruma. Gari likibeba samaki miaka michache, bolti na nati zinakuwa kitu kimoja, na chesisi, fremu inayobeba gari zima, unaimega kwa vidole.

MAFANIKIO
Tunajivunia pikapu ya Mzee Waziri wa Kilambo. Hubeba samaki, na kijijini kwake ndiyo hubeba wagonjwa pia. Mwaka jana aliileta akasema, "Pakeni rangi huko chini, inatosha."

Fundi Asadi alitambaa chini yake, akatoka na kipande cha kutu kiganjani.

"Mzee, springi ya nyuma inashikiliwa na hiki. Hatupaki."

Mzee Waziri alikitazama. Akasema mkwewe, Safina, yu karibu kujifungua. Kisha akatukabidhi ufunguo.

Bolti tulizimwagia dizeli, zikalala nayo. Kulipokucha tukazipiga moto, tukagonga. Zilizogoma tulizikata kwa grenda, na palipoliwa na kutu tukaunga chuma kipya. Pikapu ilitoka nzima. Safina aliwahi hospitali ndani yake, akajifungua mtoto wa kike. Tuliletewa picha.

CHANGAMOTO
Katika kazi hiyohiyo ya pikapu, Asadi akiwa chini anavuta spana kwenye bolti ya mwisho, jeki ilizama mchangani. Gari likashuka. Zuhura, anayewasomea risala hii, alikuwa amesukumia tairi la akiba chini ya chesisi. Tairi liliokoa kifua cha Asadi. Mguu haukubahatika.

Akiwa palepale chini aliita, "Malizieni bolti!"

Tulimtoa kwanza. Bolti tuliimalizia baada ya kutoka hospitali.

Sasa Asadi anatembelea mkongojo, na husafisha nati akiwa amekaa. Tangu hapo, kila fundi anayeingia chini ya gari huaga wenzake. Hatukupanga hivyo kwenye kikao chochote, imetokea tu.

MAOMBI
Tunaomba sakafu ya zege, tupate pa kusimamisha jeki. Paa hatuombi; mvua tumeizoea.

Asadi ametutuma tuseme kwamba sakafu ikijengwa, atarudi chini ya magari. Mkewe, Bi. Rehana, naye ametutuma. Amesema: "Mwambieni mgeni rasmi ajenge. Ila ruhusa ya mume wangu, yeyote anayeitaka aje aniombe mimi."

Tumewasilisha yote mawili kama tulivyotumwa.

Mgeni rasmi, Mwenyezi Mungu akufikishe salama, na kila nati ya gari lako ikubali spana siku itakapohitajika.

Ni sisi,
Mafundi wa Gereji ya Mchangani, Likombe, Mtwara.