Lorna Nyamusi Osoro, Mwenye Boma Lake

Lorna Nyamusi Osoro alifariki Jumapili, tarehe 8 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali mjini Kisii, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Mimi ni Duke, mdogo wake, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1978 hapa Manga, kifungua mimba wa marehemu mzee Abner Osoro na mama yetu Mong'ina. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1985 hadi 1992, akaendelea na ya upili karibu na Nyamira hadi 1996, kisha akasomea sayansi ya siasa Nairobi na kuhitimu mwaka 2002.

Tangu Januari 2004 alifundisha nadharia ya siasa katika chuo kimoja mjini Kisii, na somo lake halikuanza na wafalme wala katiba, lilianza na shamba. Siku ya kwanza aliwauliza wanafunzi, kwenu ni nani anayeweza kupanda, ni nani anayeweza kuuza, na ni nani anayeweza kumkataza mwenzake, na wakishajibu aliwaambia kwamba wameshaieleza serikali yao ya kwanza. Aliamini kwamba haki ya mtu juu ya mali yake hudumu pale majirani wanapoiheshimu bila askari kuitwa, na kwamba kanuni iliyomsahau mtu inaweza kurekebishwa na wale wale wanaoitumia.

Aliolewa na Gibson Mokua wa Kebirigo tarehe 10 Desemba 2005, wakajaliwa binti, Valentine, tarehe 3 Mei 2007. Walitengana mwaka 2012, na mwaka uliofuata baba yetu alirudisha ng'ombe wa mahari ili ndoa iishe kabisa, akawaswaga mwenyewe kwa miguu hadi Kebirigo, akasema hataki binti yake aachwe katikati ya njia, si mke wa mtu wala si wa kwao. Gibson yuko nasi leo, na hajawahi kukosa siku ya wazazi katika shule ya Valentine.

Tarehe 21 Septemba 2016 Lorna alipata hati miliki ya kipande cha shamba alichopewa na baba, akajenga nyumba, akapanda chai na ndizi. Siku moja alinikuta nikikata mkungu wake, akaniuliza, "Duke, umekuja kama ndugu, kama jirani, au kama serikali?" kisha akanisaidia kuubeba.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Kisii na Nairobi, na alipoona nguvu zinaisha alituomba jambo moja tu, azikwe ndani ya boma lake. Kwa desturi yetu, binti aliyerudi kutoka kwa mume huzikwa nje ya ua wa baba yake, kando ya mpaka, kwa hiyo wazee wa ukoo walikaa Jumanne, tarehe 10 Machi. Walibishana hadi mama alipoinuka.

"Mimi nilikuja hapa nimeolewa, mkanionyesha mahali pangu," alisema. "Huyu amezaliwa hapa, sasa mnamtafutia mahali nje?"

Mzee Ogeto, mwenyekiti wao, alisema kwamba mwenye boma huzikwa ndani ya boma lake, kanuni hiyo ni ya zamani, na kuanzia siku hiyo itamhesabu binti pia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wenzake wa chuoni waliokuja kumsomea magazeti alipokuwa hawezi kuyashika, na majirani waliochuma chai yake msimu wote bila kuombwa. Ameacha mama, bintiye Valentine, na mimi.

Vijana wa kijiji walimaliza kuchimba kaburi leo, Alhamisi, tarehe 19 Machi, saa mbili asubuhi, ndani ya ua, kando ya nyumba yake. Dada, pumzika kwako.