Kibofu cha Fundi Paa

Usinikunjie pua kabla hujasikia. Kama huamini kwamba watu wazima wanaweza kubishania kibofu cha mwenzao asubuhi nzima, basi hujakaa kwenye benchi la mama muuza kahawa. Benchi liko chini ya dirisha lake, na ndani ya dirisha amelala mwanawe, fundi paa, aliyeanguka kazini akaumia uti wa mgongo. Miguu imeanza kuchezacheza. Mkojo ndio umegoma: hautoki mpaka mama autoe kwa mrija kila saa yake ikifika, na mgonjwa mwenyewe hahisi kitu. Daktari alimwambia mama, siku akibanwa na mkojo, ujue njia imeanza kufunguka.

Koki, fundi bomba, akasema hapo hakuna cha mgongo, bomba limeziba. Mgonjwa anyimwe maji, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva wa lori, wanayemwita Breki, akacheka. Kwake yeye kibofu kilihama siku ya kuanguka, kikapanda kifuani. Dawa ni kumlaza fundi wa watu kichwa chini, miguu juu.

— Aliye juu mngoje chini, akamalizia, akanyoosha kikombe aongezewe.

Mama hakummiminia.

— Kibofu kikijaa kinatuma habari kwenye uti wa mgongo, uti unaifikisha kichwani, kichwa kinarudisha amri: shika, au achia. Njia ndiyo iliyoumia. Kibofu kipo palepale.

— Mama, maji hayaombi ruhusa, akasema Koki.

— Yako hayakuomba. Shule ulianza godoro lako likianikwa uani.

Breki nusura apaliwe kwa kicheko. Hapo akafika fundi cherehani, mgeni wa mtaa, kununua kahawa. Akawasikiliza, akauliza kwa upole:

— Mwenyewe anasemaje?

Walikuwa wamemjadili kama bomba la ukutani. Hata mama alishaacha kumuuliza, maana lile neno "bado" lilikuwa linamkata maini.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, ya mtu asiyejiamini.

— Mama, saa ya mrija imefika?

— Haijafika.

— Mbona nimebanwa?

Koki akafungua mdomo. Mama akamtazama, Koki akaufunga mwenyewe. Mama akatua birika juu ya benchi, katikati yao.

— Jimiminieni. Leo sidai mtu.

Akachukua kopo la mkojo lililokuwa likikauka juani, akalibeba mbele ya macho yao kama kombe la ligi, akaingia ndani na kuwafungia mlango.