Waliokula Kondoo wa Mpaka

Singida Mjini, njia ya kuteremkia Ziwa Kindai, palikuwa na kijiwe kilichokaa juu ya taruma la reli. Taruma lenyewe lilitoka Itigi, na lilitokaje usiulize. Soko huria lilikuwa limeingia, kila mwenye mikono alikuwa anaondoka na kipande chake cha nchi. Mvua za Elinino zilikuwa zimekatika, jua limerudi juu ya miamba yake, na asubuhi wazee wa pale walikusanyika kwa kahawa ya Mama Klara, wakitafuna kashata na kuendesha dunia. Na waliiendesha kweli, msidhani. Mawaziri waliwafukuza kabla kikombe cha kwanza hakijapoa, bei ya alizeti waliipandisha kwa kikombe cha pili. Kazi iliyowashinda ni ndogo tu, na ndiyo hiyo nitakayoisimulia, maana bado inanikera.

Mughwai alifika, akasalimia, akakaa ukingoni mwa taruma. Kesho yake alikuwa na kesi mahakamani. Kiwanja alipozaliwa, chenye nyumba yake ya tofali za kuchoma na kaburi la baba yake, kilikuwa kimeingiwa na Bwana Mazengo, mwuza simenti na mabati, aliyekuwa anajenga gesti ya ghorofa. Mazengo alikuwa na ofa ya kiwanja, yenye mhuri. Mughwai alikuwa na kondoo. Kondoo mweusi, aliyechinjwa na marehemu baba yake enzi mji haujafika huko, siku walipopanda minyaa kuweka mpaka. Kwa desturi ya ukoo wao, aliyekula nyama ile alikula na ushahidi. Mpaka ukigombewa, atakuja, atasimama, atasema. Hakimu alikubali kuisikia desturi hiyo, mradi mlaji mmoja afike. Na walaji waliobaki hai walikuwa watatu, nao wote walikuwa wamekaa kwenye taruma lile, wanakunywa kahawa.

Kuna jambo lingine katika desturi hiyo, nalo ndilo lililomfunga Mughwai ulimi. Mlaji wa kondoo haombwi. Anaarifiwa siku ya shauri, basi, mengine anajua mwenyewe. Kumwomba ni kumwambia usoni kwamba amesahau alichokula, na hilo ni tusi. Kwa hiyo Mughwai alipokea kikombe, akakipuliza, akasema:

— Kesho shauri langu linaitwa. Saa tatu.

Alikuwa amelisema kama lilivyotakiwa kusemwa. Sasa alikuwa anasubiri neno moja tu, "tutakuwepo".

— Wakili unaye? aliuliza Yohana.

Yohana walimwita Jaji. Alikuwa tarishi wa mahakama mpaka alipopunguzwa kazini, na kwa kuwa alibeba mafaili miaka mingi, aliamini sheria ilimwingia kwapani.

— Sina, alisema Mughwai.

— Ahaa! Hapo ndipo ulipojichinja. Kesi ya ujenzi siyo kesi ya kuku, bwana. Inataka wakili wa ujenzi.

— Tena siyo wakili mmoja, alidakia Relwe. Kampuni! Mawakili wa kampuni.

Relwe jina lake Leonard. Alikuwa fundi wa njia ya reli kule Itigi, akastaafu, akahamia mjini na taruma lake. Dar es Salaam alikuwa amefika, na tangu hapo hakuna aliyepumzika.

— Dar kuna kampuni moja, alisema, kibao chake mlangoni kina majina manne. Manne! Wakili mwenye jina moja ni kama kiberenge, anabeba wawili watatu. Majina manne hiyo ni treni nzima. Ikishika njia, Mazengo na gesti yake atatoka mbio bila viatu.

— Majina manne bado hayo, alisema Peniel. Arusha wapo wenye majina saba.

Huyu Peniel walimwita Kokoto. Alikuwa anapasua mawe pale mlimani na kuyauza kwa wajenzi, na vidole vyake vilikuwa vimebaki vya kuhesabia tu, kushika sindano havikuweza.

— Hao wa Arusha, aliendelea Kokoto, wamegawana nyumba. Yupo wakili wa msingi, yupo wa kuta, yupo wa paa. Wa msingi hagusi paa hata umwue. Anakuja na nyundo yake ndogo, anagonga ukuta, ukuta unamwambia ulijengwa mwaka gani na ulijengwa kwenye ardhi ya nani.

— Ukuta unasema? aliuliza Mama Klara.

— Kwani wewe hujasikia kuta zina masikio? Chenye masikio kitakosaje mdomo?

Wakacheka. Mughwai naye alicheka kidogo, kwa adabu. Moyoni alikuwa anajiambia waache wazunguke, watafika. Watu wazima huanzia mbali. Baba yake mwenyewe, akitaka kuomba chumvi kwa jirani, alianza na habari za mvua.

— Mimi nitawaambia kampuni iliyo kubwa kuliko zote, alisema Jaji. Niliona faili lao kwa macho yangu. Walilishtaki ziwa.

— Ziwa gani?

— Ziwa! La maji! Lilifurika likaingia kwenye hoteli ya mteja wao. Wakaliandikia samansi. Tarishi akaenda, akaitupia majini. Siku ya kesi ziwa halikutokea, si unajua tena, asiyekuwepo na lake halipo. Likahukumiwa. Mwezi haukuisha likarudi nyuma mpaka samaki wakabaki kwenye matope.

— Ziwa Singidani nalo limerudi nyuma, alisema Kokoto.

— Sasa unafikiri ni jua?

Mughwai akaweka kikombe chini.

— Hawa mawakili, alisema taratibu, hata wangekuwa mia, watamwuliza hakimu nini? Hakimu kashasema anachotaka. Anataka mtu aliyekuwepo mpaka ulipowekwa.

Relwe alichungulia kikombe chake. Kokoto alijikuna goti. Jaji, aliyekuwa na kinywa chepesi kuliko wote, ndiye aliyepata pa kutokea.

— Kuna mawakili wa hilo pia! Wanaitwa... jina limenitoka. Wanakwenda makaburini. Wanachukua kiapo cha marehemu. Baba yako si yupo pale pale kiwanjani? Shahidi gani tena unamtaka, Mughwai? Kalala kwenye mpaka wake! Wanakuja na mashine, wanaiweka juu ya kaburi, mzee anasema mwenyewe, "Mimi fulani, naapa." Hakimu atambishia marehemu?

Hili halikumchekesha Mughwai. Lilimchoma hasa. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, na kwenye mazishi yake watatu hawa ndio waliobeba jeneza mbele. Hasira ilimpanda mpaka kooni, akaimeza na kahawa, zikashuka zote mbili, chungu sawa.

— Baba alisema yake akiwa hai, alisema. Alisema kwa nyama.

Jaji akakohoa.

— Sasa ndugu yangu, kwa kuwa umetaja nyama. Mimi nimesoma sheria, kwa namna yangu. Mazengo alipoweka msingi, si alichinja dume la ng'ombe?

— Alichinja.

— Si tulikula?

— Mlikula.

— Si na wewe ulikula?

Mughwai alikuwa amekula kweli. Siku ile Mazengo aliwaambia gesti inaishia kwenye minyaa, haivuki, na mtu na akili zake akataaje nyama ya jirani anayejenga? Kwao kukataa ni kumtakia mwenzio nyumba ianguke. Akala pande la ubavu, akaomba baraka, akarudi nyumbani. Kabla ya mvua za vuli minyaa ilikuwa imekatwa yote.

— Nilikula, alisema.

— Basi! Nyama imekanyaga nyama. Dume ni kubwa kuliko kondoo, hata ukipima kwenye mzani. Kisheria hiyo tunasema... ukubwa umemeza udogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa, naye kalimia msingi. Kosa la nani?

— Na wapiganapo tembo, aliongeza Relwe, ziumiazo nyasi. Sasa nyasi mwenye akili anajisogeza pembeni.

— Wewe Relwe, alisema Mama Klara, umeshaambiwa utakuwa mlinzi wa hiyo gesti, siyo?

— Nani kakwambia?

— Umeshonesha koti la ulinzi, fundi cherehani ni jirani yangu. Na mawe ya Kokoto yanapelekwa wapi kila siku na lile trekta? Na binti wa Jaji, Cecilia, anajifunza kupokea wageni, wageni gani, wa kwenye banda lenu la mbuzi? Mimi ni wa Ulemo, kondoo wenu sikumla. Ningekuwa nimemla nisingekuwa nawamiminia kahawa hapa, ningekuwa nimeshafua kitenge cha kwendea mahakamani.

— Mwanamke, mimina kahawa, alisema Jaji.

Akamimina. Na mimi msimuliaji nasema wazi, ile kahawa hawakuistahili.

Kokoto ndiye aliyekuwa karibu kulainika. Alimgeukia Mughwai, akafungua mdomo. Mughwai aliona, na moyo wake uliruka. Alimkumbuka Peniel akiwa kijana, amechuchumaa kwenye minyaa michanga, mafuta ya kondoo yanamchuruzika kidevuni, baba yake anamwongeza mfupa kwa kuwa alichimba mashimo mengi kuliko wengine.

— Mughwai, alisema Kokoto. Yule wakili wa Arusha. Wa msingi. Nikuulizie anapatikana wapi?

Mughwai aligeuza uso akaangalia barabarani.

Kutoka upande wa kiwanja alikuja mwanamume wa makamo, amejaa vumbi la simenti mpaka kope, ameshika kamba ya kupimia. Hakuwa mtu wa hapo. Alisimama mbele yao, akavua kofia.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mimi naitwa Manase, fundi wa hapo kwa Bwana Mazengo. Nimeingia jana kutoka Manyoni. Nina swali dogo, nisiwapotezee muda.

— Uliza, uliza, alisema Jaji, na mwili wake wote ulifurahi kupata mada mpya.

— Tunachimba mtaro wa ukuta, upande wa pili, karibu na ile nyumba ya tofali. Tumekuta visiki vya minyaa, vimekatwa vikafukiwa. Vimenyooka mstari mmoja kama vilipigiwa kamba. Bwana Mazengo anasema ni magugu, nimwage zege leo leo, nisilaze. Lakini kwetu mtu haui mpaka wa watu bila kuambiwa ukweli. Nimeambiwa nyinyi ndio wenyeji wa zamani hapa. Hii minyaa ilikuwa mpaka?

Swali lenyewe ndilo hilo. Mtoto wa hapo mtaani angelijibu huku anapiga mpira.

Jaji alitazama mchanga chini. Kokoto alimtazama Jaji. Relwe alianza kukagua taruma alilokalia, kama ndiyo kwanza analiona.

— Sisi, alisema Relwe mwishowe, ni watu wa kuja tu hapa, wengi wetu.

— Enzi hizo palikuwa pori, alisema Jaji. Porini minyaa inaota popote.

— Imeota kwa mstari? aliuliza Manase.

Kokoto alikuwa ameinama, vidole vyake vikivunja kashata ambayo hakuila.

Manase akamgeukia Mughwai.

— Na wewe mzee?

— Mimi ndiye mwenye kiwanja, alisema Mughwai. Nikisema, nimejisemea. Waulize hawa.

Na hapo ndipo alipofanya lile alilojikataza tangu alfajiri. Si kwamba aliliamua. Alifikiria zege, alifikiria kesho saa tatu amesimama peke yake mbele ya hakimu, alifikiria kaburi likiwa ndani ya ukuta wa mtu mwingine, karibu na vyoo vya gesti, na mdomo ukamtoka.

— Jamani. Nawaomba. Mmoja wenu tu. Yohana, wewe ulishika kamba. Leonard, ulikuja likizo, ukakuta nyama inachomwa. Peniel, baba alikupa mfupa. Nawaomba mseme.

Jaji aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umepata nafuu, nafuu kabisa, kama mgonjwa aliyetapika.

— Umetuomba, Mughwai?

— Nimewaomba.

— Mlaji wa kondoo haombwi. Unajua. Umetutukana mbele ya mgeni, umetuambia tumesahau. Kwa mila yetu wenyewe, mtu akiombwa amefunguliwa. Wewe mwenyewe umetufungua. Asante sana, na tusilaumiane.

— Kweli, alisema Relwe kwa haraka. Mila ni mila.

Kokoto alipangusa makombo ya kashata magotini.

Manase alikuwa bado amesimama pale na kofia yake mkononi. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Kwa hiyo mlikula? aliuliza.

Mama Klara aliacha kupangusa vikombe, akasubiri naye. Gari la mchanga lilipita, vumbi likawafunika wote, likatua, na bado hakuna aliyesema.

Manase akavaa kofia. Alikuwa fundi, ana watoto Manyoni, na zege lilikuwa linachanganywa. Akakunja kamba yake, akaondoka.

Mughwai aliinuka akamfuata. Hakwenda kumzuia. Alitaka kuviona vile visiki kabla havijafunikwa.