Ay Amatullah, Aliyegoma Kurudi Nyuma

Mwongoza wageni bora kuliko wote Harar ni mimi, Redwan. Hata fisi wa nje ya ukuta wa mji hunipisha njia. Cheo hiki nakipokea tarehe thelathini Juni, siku atakayostaafu mwenyewe, Ay Amatullah Abdusemed, "Ay" kwetu ndiyo "Mama", baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya wageni.

Alianza kwa kufagia makumbusho, akaishia kuongoza mabalozi. Wote aliwaburuta kwanza kwenye mtaa wa mafundi cherehani, watake wasitake. Balozi mmoja alilalamikia jua. Ay Amatullah akamjibu, "Mwanangu, jua halina ofisi hapa. Kashtaki kwenu."

Lakini jina alilipatia kwenye Kichochoro cha Upatanisho. Wageni hukipenda kwa wembamba wake. Sisi twajua kazi yake: waliogombana wakikutana humo hubanana mabega, na waliobanana mabega hawana budi kusalimiana.

Mwaka juzi kampuni moja ikaja kukibomoa, ili mabasi ya wageni yafike hadi uwanja wa soko. Mhandisi akaingia na kamba ya kupimia kwa upande wa juu. Ay Amatullah akaingia kwa chini. Wakakutana katikati.

"Mama, rudi nyuma kidogo tupime."

"Rudi wewe. Mimi kwangu ni huko mbele."

"Nina kibali."

"Kibali ni chembamba, kitapita. Kazi ipo kwenye hilo tumbo."

Hakuna aliyerudi. Wanawake wakamteremshia dirishani chai ya majani ya kahawa. Mhandisi naye akapewa, maana mgeni ni mgeni. Alipomaliza kikombe, akakunja kamba. Kesho yake alikuta mtaa mzima umejipanga humo, Ay Amatullah mbele. Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka kampuni ikafungasha.

Ay Amatullah, asante kwa kutufundisha kusimama. Kapumzishe magoti, ubishi tuachie sisi. Tunakuombea siku ndefu na majirani wenye maneno.

Kichochoro kipo, na kimepatanisha wengi. Ila mdogo wako Muferiat, mwenye nyumba ya pale kati, alikuwa ameahidiwa na kampuni nyumba mpya yenye bomba la maji, na ahadi hiyo iliondoka nayo. Tangu hapo huzunguka na ndoo zake njia ya nyuma, asije akakutana nawe mle ndani.